Al-Khwarizmi, Mwanachuoni wa Hesabu na Mirathi

Leo tumkumbuke Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Mtoto wako akitaja aljebra anaporudi shuleni, anataja kitabu cha mwanachuoni huyu.

Alizaliwa yapata mwaka 780, na nasaba yake ni ya Khwarizm, Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake cha al-jabr.

Humo alifundisha kurahisisha hesabu zenye mizizi. Mzizi wa 9 ni 3, kwani 3 mara 3 ni 9. Ukitaka mara mbili ya mzizi wa 9, zidisha 2 kwa 2 upate 4, kisha 4 kwa 9 upate 36. Jibu ni mzizi wa 36, yaani 6.

Lakini mzizi wa 200 ni 14 na kitu, wala hauna mwisho. Je, tukisie? La! Angalia mfano wake. Chukua mzizi wa 200, punguza 10. Kisha chukua 20, punguza mzizi wa 200. Jumlisha vyote viwili. Mzizi ule ule umeongezwa huku, umepunguzwa kule, basi unaondoka. Inabaki 20 kupunguza 10, yaani 10 kamili. Hakukisia hata chembe, na alithibitisha kwa mchoro wa mistari.

Kwa nini bidii yote hiyo? Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi, ili kila mrithi apate haki yake. Ndugu yangu, hapa Musienene shamba la marehemu likigawanywa kwa kukisia, ni nani anayepunjwa? Mara nyingi ni mjane, binti na yatima.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza kwake.

Basi mwanao akilia kwamba somo la mizizi ni gumu, usimwambie aliache. Keti naye. Huenda ndiye atakayegawa urithi wako kwa haki.

Allah amrehemu al-Khwarizmi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.