Red Smith, Mwandishi wa Michezo

Wenzangu wengi hapa Misima husema kwamba wakimaliza shule watasomea uandishi wa habari, kisha wawe waandishi au watangazaji wa mpira. Wengi wao hudhani njia hiyo imenyooka kama uzi. Kwa ajili yao nimeona nieleze habari za Mmarekani mmoja, Walter Wellesley Smith, ambaye nywele zake nyekundu zilimpatia jina la Red.

Alizaliwa tarehe 25 Septemba, 1905, katika mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula. Alisoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, akahitimu mwaka wa 1927. Mchezaji hasa hakuwa. Husimuliwa kwamba chuoni alishindana mbio za maili moja akawa wa mwisho.

Baada ya kuhitimu aliandika barua za kuomba kazi kwa magazeti yapatayo 100. New York Times lilimkataa. Gazeti moja tu la Milwaukee ndilo lililompokea, na huko hakupewa michezo. Mwaka uliofuata alihamia St. Louis, katika gazeti la Star, akawa akisahihisha habari walizoandika wengine. Ikawa mhariri wa huko amewafukuza baadhi ya waandishi wake wa michezo, naye akatafuta wa kushika nafasi zao. Alimwuliza Smith kama anajua michezo. Akajibu kwamba anajua kadiri ajuavyo mtazamaji yeyote. Akamwuliza tena, je, mwandalizi wa ngumi akimpa dola 10, atazipokea? Smith akafikiri kidogo, akasema kwamba dola 10 ni fedha nyingi. Akapewa kazi. Mimi naona jibu lile lilimfaa kuliko shahada yake, maana mwongo angeapa palepale.

Basi alipotumwa kutazama timu ya chuo kimoja ikifanya mazoezi usiku kwa taa za umeme, aliandika habari ile kana kwamba msimulizi ni kimulimuli. Hebu mfikirie mdudu yule na kataa kake, mbele ya taa zile!

Mwaka wa 1936 alikwenda Philadelphia, na mwaka wa 1945 akaitwa New York na gazeti la Herald Tribune. Gazeti hilo lilikufa mwaka wa 1966. Miaka mitano baadaye, yeye akiwa mzee wa miaka 66, New York Times, lilelile lililomkataa, likamwajiri. Mwaka wa 1976 akapata Tuzo ya Pulitzer.

Lakini kalamu yake ilikuwa na makali, na mara nyingine ilikata pasipostahili. Muhammad Ali alipokataa kupigana vita vya Vietnam, Smith alimshambulia vibaya, ingawa baadaye alikuja kumsifu.

Tena liko jambo linalotugusa sisi. Mwezi wa Desemba 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Tarehe 4 Januari, 1980, Smith aliandika kwamba Marekani isiende kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na mwezi uleule Rais Carter akashika msimamo huo. Februari, Carter alimtuma Ali huyohuyo Dar es Salaam aje kutushawishi. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Kenya haikwenda Moscow. Sisi tulikwenda, na Filbert Bayi akapata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Nafurahi kwamba shauri la Smith hatukulifuata. Hata hivyo namheshimu kwa kuthubutu kuitaja vita katika ukurasa wa michezo, mahali ambapo wengi walitaka kusoma mabao tu.

Tarehe 11 Januari, 1982, aliwaarifu wasomaji wake kwamba tangu sasa ataandika mara 3 kwa juma badala ya 4. Alifariki siku nne baadaye.