Shekhar Mehta, Mzaliwa wa Kampala

Katika Uingereza, Poland na nchi za Skandinavia wako watu waliojipatia riziki kwa kukimbiza pikipiki zisizo na breki ndani ya kiwanja cha mviringo. Mtazamaji wa mchezo huo huketi mahali pamoja, akauona mwanzo wa mbio na mwisho wake bila kuinuka. Afrika Mashariki haikujengewa viwanja vya namna hiyo. Uwanja wetu ulikuwa ni barabara zenyewe, pamoja na matope yake, mashimo yake na ng'ombe wake. Na katika waliopata sifa juu ya uwanja huo, leo yafaa tumtaje marehemu Shekhar Mehta.

Bila shaka wapo ndugu watakaohoji kwa nini safu hii, ambayo wasomaji wake ni watu wa Mugumu na Musoma, wavuvi wa Ukerewe na Rukuba, pamoja na watendaji wa serikali, ishughulike na mwana wa tajiri aliyeendesha magari ya mashindano. Hoja hiyo ina uzito wake. Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika jamaa ya Wahindi waliokuwa na mashamba makubwa nchini Uganda. Hakulelewa katika dhiki, na hapana faida ya kumpamba kwa ufukara ambao hakuujua. Mchezo alioingia akiwa na miaka 21, kwa gari la BMW, ulikuwa na ungali ni mchezo wa wenye nacho. Fungu la mkulima wa kando ya barabara lilikuwa ni vumbi, na pengine kuku aliyekanyagwa. Hayo tunayakiri tangu mwanzo ili tupate nafasi ya kusema yaliyobaki.

Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1974 ziliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi zilifanywa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Magari yaliondoka moja moja. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache kupita wenzake ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyetoka kilima kwa kasi aliweza kukutana na basi la abiria, au lori la pamba, au mtoto na mbuzi wake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yalikuwa 7 tena.

Mtu wa Mugumu hahitaji kuelezwa sababu. Udongo mweusi wa mbuga anaujua: ukikauka ni jiwe, ukinyeshewa hushika gurudumu kama ulimbo. Basi tusishangae kwamba kwa karibu miaka 20 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeshinda mbio hizi, hata viwanda vya Ulaya vilipoleta magari mapya na madereva hodari. Walishinda wenyeji. Joginder Singh, fundi wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Ni mwaka 1972 tu ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipoivunja desturi hiyo.

Mehta alikuwa ameanza kujulikana. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili kwa gari la Datsun, nyuma ya Edgar Herrmann. Lakini kabla ya kupata ushindi wowote katika Safari, alipoteza nchi.

Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wakiacha nyumba, maduka na mashamba, na miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa pale pale na wasiojua kwao pengine. Jamaa ya Mehta ilihamia Kenya. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu wetu wa Mara, aliulaani uamuzi ule waziwazi kuwa ni ubaguzi wa rangi, wakati viongozi wengi wa Afrika walipochagua kunyamaza. Amin alidai kuwa anawarudishia wananchi mali yao. Mali hiyo kwa sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa askari na marafiki zao, na viwanda vikasimama. Ubepari haukufa Uganda kwa tendo lile. Ulibadili sare tu.

Pasaka ya mwaka 1973, miezi isiyotimia sita tangu muda ule wa kufukuzwa kumalizika, Mehta alikuwa tena barabarani kwa Datsun 240Z, na mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Hesabu zilipofanywa ilionekana kwamba yeye na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa katika Datsun, wana adhabu sawasawa baada ya maelfu ya kilomita. Kanuni ikaamua: aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza ndiye mshindi. Alikuwa Mehta.

Jambo hili laonyesha jinsi alivyoendesha. Katika barabara kavu wageni waliweza kumpita. Yeye alilitunza gari, akazisoma dalili za mvua, akajua mto upi hujaa na kwa muda gani, akawaacha wenye haraka wavunje springi zao mbele yake. Nahodha wa Ukerewe atamwelewa upesi kuliko dereva wa mjini, maana naye hashindani na upepo, hungoja ugeuke.

Mwaka 1979 yalitukia mambo mawili katika juma moja. Tarehe 11 Aprili majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, baada ya vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera mwaka uliotangulia, yaliikomboa Kampala. Mara ilikuwa na vijana wake katika majeshi hayo, na wengine hawakurudi. Siku chache baadaye, wakati wa Pasaka, mzaliwa huyo wa Kampala aliyefukuzwa alishinda Safari kwa mara ya pili, akiwa na Mike Doughty, mbele ya Mikkola na gari kubwa la Mercedes. Hatudai kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja. Hapana mashindano ya magari yanayoweza kuwekwa katika mizani moja na damu ya askari. Lakini aliyeamua kwamba Mehta si mtu wa nchi hii alikuwa mbioni kuokoa maisha yake, na Mehta alikuwa akipigiwa makofi na watu wa nchi hii kandokando ya barabara.

Alishinda tena mwaka 1980, na 1981, na 1982. Miaka minne mfululizo. Kabla yake hakuna aliyeweza jambo hilo. Mwaka 1982 aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alitawazwa kuwa bingwa wa dunia.

Hapa ndipo watendaji wetu wanapohusika. Mkoa wa Mara ni mkoa wa mpaka. Wakurya wako Tarime na wako Kenya. Katika visiwa vya ziwa mvuvi hulala leo kisiwa hiki na kesho kingine, na jina lake pengine lilitoka ng'ambo ya maji vizazi vitatu vilivyopita. Afisa aketiye nyuma ya meza, mwenye muhuri, huulizwa kila siku nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na yumo anayejibu kwa kutazama sura au kusikia lafudhi kabla ya kusoma karatasi. Amin naye alianza kwa kutazama sura. Sheria za uraia zipo, zina masharti yake, na mwombaji anayo haki ya kupimwa kwa masharti hayo peke yake.

Ya mwisho ya Mehta ni mafupi. Mkewe, Yvonne, alikuwa mwanamichezo wa magari yeye mwenyewe, na mara nyingine aliketi karibu naye kama mwelekezi. Mwaka 1987, katika mbio za jangwani za Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya iliyokaribia kumwua, na hakushindana tena. Baadaye aliingia katika uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, akawa rais wa kamisheni yake inayosimamia mbio za barabarani. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, naye ana miaka 60. Mbio zilirejeshwa katika ubingwa mwaka 2021, katika njia zilizofungwa karibu na Naivasha, na hazivuki tena mpaka wowote.