James Black: Mtafiti aliyewaondolea wagonjwa wa vidonda vya tumbo hofu ya kisu

VIDONDA vya tumbo viliwahi kuwa maradhi ya kisu. Hadi miaka ya 1970, mgonjwa alipewa maziwa na dawa za kupoza tindikali kwa muda mfupi. Hali ilipozidi, alipelekwa kwenye chumba cha upasuaji akatwe sehemu ya tumbo, au ikatwe mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo litoe tindikali.

Aliyeongoza juhudi za kubadilisha hali hiyo ni James Whyte Black. Maisha yake yangali na funzo kwa kila anayeingia katika duka la dawa kutafuta tembe za kutuliza kiungulia.

Black alizaliwa Juni 14, 1924 mjini Uddingston, Scotland, akiwa mmoja wa wana watano wa mhandisi wa migodi. Akiwa na umri wa miaka 15 alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha St Andrews, akafaulu na kupata ufadhili. Alihitimu udaktari mwaka wa 1946. Kwa kuwa alikuwa na madeni, alikwenda Singapore kufundisha, akarejea nyumbani mwaka wa 1950 na kuanzisha idara ya fiziolojia katika chuo cha matibabu ya mifugo mjini Glasgow.

Mwaka wa 1958 alijiunga na kampuni ya ICI nchini Uingereza. Huko ndiko alikovumbua propranolol, dawa inayoupunguzia moyo kazi kwa kuzuia athari za adrenalini.

Mnamo 1964 alihamia kampuni ya Smith Kline & French, mjini Welwyn Garden City, akiwa na swali jipya. Ilijulikana kwamba kemikali ya mwilini iitwayo histamini huchochea tumbo kutoa tindikali. Hata hivyo, dawa za mzio zilizokuwapo, ambazo huzuia histamini, hazikupunguza tindikali hata kidogo. Black akashuku kwamba tumbo lina kipokezi cha histamini cha aina nyingine, ambacho dawa hizo hazikukigusa.

Miaka ya kwanza haikuzaa matunda. Kemikali nyingi zilitengenezwa na kujaribiwa bila mafanikio. Hatimaye, mwaka wa 1972, kikosi chake kilitangaza burimamide, iliyothibitisha kwamba kipokezi hicho kipo. Ila haikufaa kumezwa, kwani mwili uliifyonza kwa shida.

Iliyofuata, metiamide, ilikuwa na nguvu zaidi na ilimezeka. Wagonjwa walipata nafuu. Lakini baadhi yao walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, ambazo ni ngao ya mwili dhidi ya maambukizi. Dawa hiyo iliachwa, licha ya miaka yote iliyotumika kuisaka. Wanakemia, akiwemo Robin Ganellin, walikuwa wamebadilisha sehemu ya kemikali hiyo iliyoshukiwa kuleta madhara, na hivyo ikapatikana cimetidine. Iliingia sokoni Uingereza mwaka wa 1976 kwa jina Tagamet.

Wakati huo Black alikuwa ameondoka, kwani mwaka wa 1973 alikwenda kuwa profesa katika University College London. Dawa hiyo ilivuma duniani kote na kuiletea kampuni mabilioni ya dola, na haja ya upasuaji ikapungua mno. Black alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988 pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakuifanya cimetidine kuwa peremende. Huzuia vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingine, hivyo warfarin ya kuzuia damu kuganda, phenytoin ya kifafa na theophylline ya pumu zinaweza kurundikana mwilini hadi zikadhuru. Wazee na wenye figo dhaifu wanaweza kuchanganyikiwa akili wakipewa kipimo kikubwa.

Dawa zilizoifuata nazo zina masharti yake. Omeprazole humezwa kabla ya chakula, na matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na madini ya magnesiamu. Huweza pia kudhoofisha baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, kama vile atazanavir na rilpivirine. Ranitidine, iliyotumiwa kwa miongo mingi, iliagizwa kuondolewa madukani Marekani mwaka wa 2020 kwa hofu ya kemikali inayoweza kusababisha saratani.

Isitoshe, kupunguza tindikali si sawa na kung'oa mzizi. Wagonjwa wengi waliopona kwa cimetidine waliugua tena walipoiacha. Utafiti ulioanzishwa na Robin Warren na Barry Marshall wa Australia katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, ambao huhitaji antibiotiki. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofen.

Ndiyo maana anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayeshindwa kumeza chakula hapaswi kujinunulia tembe, bali amwone daktari upesi. Maumivu ya kifua yanayodhaniwa kuwa kiungulia yanaweza kuwa ya moyo.

Black alifariki Machi 22, 2010 akiwa na umri wa miaka 85. Kikosi alichokianzisha kilikubali kuiacha dawa iliyofanya kazi kwa sababu haikuwa salama. Mnunuzi naye hapungukiwi na kitu akimtajia mfamasia kila dawa anayotumia kabla ya kulipa.