Adolphe Kégresse: Fundi wa Tsar aliyetangulia roboti za mikanda

MVUA za masika zinapoishukia Butimba, kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, njia za vilimani hugeuka kuwa mifereji. Juu kuna miamba, chini kuna tope, na ukikaribia ziwa unakutana na mchanga unaomeza tairi.

Mtu atakayetaka kupeleka chombo mahali kama hapo, bila ya dereva ndani yake, atakabiliwa na maswali mawili. La kwanza, chombo hicho kitapitaje bila ya kukwama? La pili, nani atakiongoza, na amri yake itakifikiaje?

Swali la kwanza lilipata jibu zaidi ya miaka 100 iliyopita kutoka kwa fundi mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akitunza magari ya mfalme wa Urusi. Swali la pili alilishughulikia uzeeni, na jibu lake likaangukia mikononi mwa jeshi lililoivamia nchi yake.

Fundi huyo ni Adolphe Kégresse. Magari yaliyotembea kwa mikanda yake yalifika kwenye mwambao wa Ziwa Victoria mwaka 1925, miaka mitatu kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza.

Kégresse alizaliwa Juni 20, 1879 katika mji mdogo wa Héricourt, mashariki mwa Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa bado kijana, alikwenda Urusi kutafuta maisha, kama walivyofanya mafundi wengi wa Ulaya Magharibi wakati huo. Huko alipanda ngazi hadi kukabidhiwa usimamizi wa kiufundi wa gereji ya Tsar Nicholas II.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa, lakini ilikuwa na adha yake. Tsar alipenda magari na alikuwa nayo mengi ya fahari, ila kwa miezi kadhaa ya mwaka theluji iliyafanya kuwa mapambo tu. Gurudumu ni jembamba, na uzito wote wa gari hukaa juu ya sehemu ndogo inayogusa ardhi. Juu ya theluji laini gurudumu huzama, kama lizamavyo kwenye mbuga ya udongo mweusi wakati wa mvua.

Minyororo ya chuma ilikwishajulikana. Wasomaji wanaifahamu kutoka kwenye katapila zinazochonga barabara: ina nguvu, lakini ni mizito, ina kelele na mwendo wake ni wa kobe. Gari la mfalme lisingeweza kutembea hivyo.

Kégresse alichofanya ni kuacha chuma na kutumia mkanda laini unaopindika, ambao baadaye ulitengenezwa kwa mpira. Aliondoa magurudumu ya nyuma, akaweka kila upande mkanda unaozungushwa na gurudumu la injini, na katikati akapanga magurudumu madogo ya kuukandamiza chini. Mbele aliacha magurudumu ya kawaida ya kukatia kona, na wakati wa theluji aliyawekea vipande vya kutelezea.

Jambo la busara zaidi lilikuwa jinsi alivyoufunga mtambo huo kwenye gari. Hakuukaza ukatulia kama jiwe. Aliuacha ucheze juu na chini kuzunguka ekseli yake, hivyo gari lilipokutana na jiwe au shimo, mkanda uliinama na kufuata umbo la ardhi huku mwili wa gari ukibaki karibu sawa. Uzito ulitawanywa juu ya eneo kubwa, na gari likapita juu ya theluji kwa kasi ambayo katapila isingeiota.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mikanda hiyo ilifungwa kwenye magari ya deraya ya jeshi la Urusi. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1917. Tsar akaondolewa madarakani, na Kégresse akarudi kwao Ufaransa. Historia ina kejeli zake: Lenin, kiongozi wa mapinduzi yaliyomkimbiza fundi huyo, naye akaja kutumia gari la Rolls-Royce lililofungwa mikanda ya Kégresse. Gari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Gorki, nje ya Moscow.

Nyumbani, Kégresse alishirikiana na Jacques Hinstin, na kupitia kwake akakutana na André Citroën, mwenye kiwanda cha magari aliyejua biashara ya matangazo kuliko wengi wa zama zake. Citroën hakutaka kuuza mikanda kwa maneno. Alitaka ionekane.

Desemba 17, 1922 magari matano yaliondoka Touggourt, Algeria, yakaikata Sahara na kufika Timbuktu Januari 7, 1923. Safari ambayo ngamia huifanya kwa miezi ilichukua wiki tatu. Injini zake zilikuwa ndogo za silinda nne, na kilichoshinda mchanga ni ule mkanda.

Miezi ishirini na kitu baadaye ukaja msafara mkubwa zaidi, uliopewa jina la Croisière Noire, yaani Msafara Mweusi. Magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, Oktoba 28, 1924 chini ya uongozi wa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalipita Niger, Chad na Kongo ya Wabelgiji hadi Uganda. Huko Kampala, mwaka 1925, msafara uligawanywa katika makundi manne ya magari mawili mawili. Moja lilielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji na la nne Cape Town. Haardt aliwasili Tananarive, Madagascar, Juni 1925.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Filamu na picha za kuchora za msafara huo zilivuma Paris, na sifa zote zilikwenda kwa Citroën na mitambo yake isiyohitaji barabara. Ukweli ni kwamba katika misitu ya Kongo vibarua wa Kiafrika walifyeka njia kabla ya magari hayo kupita. Ile mikanda ilikuwa hodari kwenye mchanga na tope, lakini haikuweza kuangusha mti. Majina ya vibarua hao hayamo katika matangazo ya kiwanda.

Aidha, mpira ulikuwa na gharama yake. Mawe makali na joto viliuchakaza, na aliyesafiri na mikanda ya Kégresse alilazimika kubeba ya akiba. Kila aliyeunda chombo cha mikanda baada yake amelazimika kupima kati ya wepesi wa mpira na ustahimilivu wa chuma.

Majeshi hayakujali gharama hiyo. Mwaka 1931 jeshi la Marekani lilinunua magari ya Citroën-Kégresse kwa majaribio, na kutokana nayo yakazaliwa magari yake maarufu yenye magurudumu mbele na mikanda nyuma yaliyotumika katika Vita Kuu ya Pili.

Kégresse mwenyewe aliachana na Citroën katika miaka ya 1930 na kuendelea na uvumbuzi wake. Mwaka 1939 alikuwa na gia ya gari yenye klachi mbili, moja ikishika wakati nyingine inaachia. Wazo hilo lilikaa kabatini kwa miongo mingi, hadi Volkswagen ilipoanza kuuza magari ya aina hiyo mwaka 2003.

Lakini kazi yake ya mwisho yenye uzito ilikuwa chombo kidogo cha mikanda kisichokuwa na nafasi ya dereva. Kiliongozwa kwa mbali. Baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuwawezesha watu kufika pasipofikika, sasa fundi huyu alikuwa akimtoa mtu ndani ya chombo na kukipeleka chombo peke yake.

Ufaransa ilianguka mwaka 1940. Mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani walikipata chombo hicho cha majaribio karibu na Mto Seine, na jeshi lao likaiagiza kampuni ya Borgward ya Bremen kuunda cha kufanana nacho, kitakachobeba baruti.

Kilichotoka kiwandani mwaka 1942 kiliitwa Goliath, ingawa urefu wake ulikuwa takriban mita moja na nusu tu na kimo chake hakikufika kiuno cha mtu mzima. Cha kwanza kilikuwa na mota za umeme na kubeba kilo 60 za baruti. Vilivyofuata vilitumia injini ya petroli na kubeba hadi kilo 100. Viliundwa zaidi ya 7,500.

Nyuma ya Goliath kulikuwa na waya uliojiviringa, mrefu kwa mita zipatazo 650, wenye nyuzi tatu. Mbili zilipeleka amri za kwenda na kukata kona, ya tatu ilikuwa ya kulipua. Askari alijificha mbali akiwa na kisanduku chenye fimbo ya kuongozea, akikitazama chombo kwa macho yake hadi kifike kwenye shabaha na kuteketea.

Mikanda ilifanya kazi yake. Kasoro ilikuwa kwenye lile swali la pili. Chombo hakikuwa na jicho wala akili ya kwake, na uhai wake wote ulining'inia kwenye waya. Wakati wa maasi ya Warsaw mwaka 1944, wapiganaji wa Poland waligundua kwamba hawakuhitaji mzinga ili kuizima Goliath. Walimtafuta mtu jasiri wa kutambaa na kuukata waya.

Kégresse hakuyashuhudia hayo. Alifariki Februari 1943 huko Croissy-sur-Seine, karibu na Paris, nchi yake ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Roboti za nchi kavu zilizokuja baadaye zilibadili shabaha. Mwaka 2001 roboti za PackBot, zinazotembea kwa mikanda laini, zilipelekwa kwenye vifusi vya majengo ya World Trade Center, New York, na mwaka uliofuata zilikuwa Afghanistan zikitangulia askari kwenye mapango. Mbele zina mikono miwili ya mikanda inayozungushwa ili kupanda ngazi na mawe. Ndani zina kamera, kompyuta na programu inayomwezesha mwendeshaji kuona bila ya kuwapo. Kwa sehemu kubwa waya umeachwa na amri husafiri kwa redio.

Hata hivyo, redio nayo ina mipaka. Kwa mkazi wa mji wa miamba kama Mwanza jambo hili halihitaji maelezo marefu: pita nyuma ya jabali na mawimbi hudhoofika. Zege nene la kinu cha nyuklia ni jabali la aina yake. Ndiyo maana, baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011, wahandisi wa Japan walipoipeleka roboti yao ya mikanda iitwayo Quince ndani ya jengo la kinu, waliirudishia waya.

Quince ilipanda ngazi, ikapima mionzi na kuleta picha ambazo hakuna binadamu angeweza kuzifuata kwa usalama. Oktoba 2011, ikiwa ndani ya jengo la kinu namba 2, waya wake ulipata hitilafu na mawasiliano yakakatika. Mikanda yake ilikuwa mizima, lakini haikuweza kupokea amri ya kurudi. Iliachwa humo humo.