Rugomora Mahe: Mfalme wa Bukoba aliyetaka kufika mbinguni kwa mnara wa chuma

Ukitafuta mtandaoni habari za makasri yenye mizimu, utaletewa Ulaya tupu. Utapelekwa Bran kule Romania, kwa Dracula. Utapelekwa Čachtice, Slovakia ya leo, ambako Elizabeth Báthory alifungiwa mwaka 1610 akishutumiwa kuua wasichana, akafia humo mwaka 1614.

Sasa toka Bukoba mjini, elekea kusini, upande wa Maruku. Kuna kijiji kinaitwa Katuruka. Miongo michache tu baada ya Báthory kufa, hapo palikuwa na makao ya mfalme ambaye habari zake hazina tofauti sana na hizo za Ulaya. Kuna tamaa, kuna vifo, na kuna mzimu uliotunzwa kwa vizazi vingi. Jina lake Rugomora Mahe.

Alikuwa Omukama wa Kyamutwara, ufalme mkubwa wa Wahaya kabla haujagawanyika. Watafiti wanakisia alitawala katikati ya karne ya 17, kati ya miaka ya 1650 na 1675 hivi. Alikuwa wa ukoo wa Bahinda, ukoo uleule uliotawala Ihangiro, yaani Muleba ya leo, na Karagwe pia. Bahinda hawakuwa wenyeji wa kwanza wa nchi hii. Walikuta watu, mashamba, mafundi na mahali patakatifu pa watu. Hilo ulishike, maana ndipo mambo yote yanapoanzia.

Usitegemee kuta za mawe wala mageti ya chuma. Kasri la Mhaya ni kikale: ua mpana na nyumba za msonge za nyasi, kubwa kwa ndogo, kila moja na kazi yake. Mfalme akifa nyumba zinaoza, na baada ya miaka kadhaa migomba imefunika kila kitu. Ndiyo maana mtalii anapita barabarani bila kujua kapita ikulu.

Basi, katikati ya makao ya Rugomora Mahe kulikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Wazee walieleza kuwa maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Na chini ya mti huo ndipo kisa chenyewe kilipotokea.

Wanasimulia kuwa mfalme aliingiwa na hamu ya kujua mbinguni kukoje. Hakutaka kusubiri afe. Akaita wahunzi, akaamuru wamjengee mnara wa chuma utoke ardhini ufike juu kabisa. Moto ukawashwa chini ya Kaiija, mivukuto ikavuma usiku na mchana, chuma kikafuliwa kipande baada ya kipande. Mnara ukapanda. Ukapanda tena. Halafu uzito ukaushinda, ukaanguka, na wahunzi wakafa.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Babeli papo hapo. Ila tofauti ipo. Babeli watu wanachanganyiwa lugha wanatawanyika, wanaondoka na uhai wao. Katuruka wanakufa mafundi, na jina linalobaki mdomoni mwa watu ni la aliyewatuma. Wahunzi wale hawana jina hata mmoja.

Kufa kwa Rugomora Mahe hakukumtoa Katuruka. Kwa Wahaya wa enzi hizo, mfalme aliyekufa alikuwa bado na nyumba, bado na watumishi. Palikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, kama mke wa marehemu, kazi yake kutunza eneo, na mwezi ulipoandama tambiko lilifanyika. Ukipenda waweza kusema kikale kilikuwa na mzimu. Lakini mzimu huu haukuwa wa kukimbiwa kama wale wa Ulaya. Huyu alipikiwa, alifagiliwa, alisalimiwa.

Dunia ikabadilika. Emin Pasha akaweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1892 mapadri wa White Fathers wakafika Kashozi. Matambiko yakaanza kuitwa ushetani, majembe ya dukani yakaingia, wahunzi wakazima matanuru yao. Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ikafuta utawala wa machifu. Rugomora Mahe akabaki kwa wazee wachache tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akafika mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt. Alikaa na wazee wa Katuruka muda mrefu akisikiliza, na kila mara wakamrudisha kwenye mti uleule. Mwishowe akachimba chini ya Kaiija.

Mnara hakuupata, bila shaka. Alichokuta ni mabaki ya kazi ya chuma. Na vipimo vya kaboni viliporudi, havikusema karne ya 17. Baadhi vilirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Kumbe watu walikuwa wakishughulika na chuma pale miaka zaidi ya elfu mbili kabla Rugomora Mahe hajazaliwa!

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Schmidt anaeleza kuwa Bahinda walikuta mahali hapa pameshaheshimiwa kwa sababu ya chuma, wakajenga kikale juu yake ili heshima hiyo iwe yao. Kwa maelezo hayo, mfalme wa mnara alikalia historia ya watu wengine akaivaa kama vazi lake. Maelezo haya yana mashiko. Mtawala mgeni anayetaka kukubalika hakosi kukaa pale watu walipozoea kupiga magoti. Ila pia bila yeye na mnara wake wa ajabu, pengine hakuna ambaye angekumbuka kuwa chini ya mti ule kulikuwa na moto.

Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani waliombwa wajenge tanuru tena. Ilikuwa imepita miongo kadhaa. Walitumia udongo wa kichuguu, matete ya bondeni yaliyochomwa, makaa, mivukuto minane na mirija minane ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ikafika kwenye makaa ikiwa imeshapata moto. Watafiti walipima joto lililovuka nyuzi 1,800. Chuma kikatoka. Mwaka 1978 habari hizo zikachapishwa katika jarida la Science, na magazeti ya Marekani yakaandika kuhusu Wahaya kwa mshangao ambao leo unachekesha kidogo, maana huku Buhaya hakuna aliyekuwa ameshangaa.

Halafu ukaja ukimwi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambulika Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Vijiji vikazika vijana kila wiki. Wazee waliobaki na hadithi wakakosa wa kuwasimulia, na vijana walioanza kuzijua wakatangulia kaburini kabla yao. Hata kisa cha mnara kingeweza kuishia hapo, kama vilivyoisha vingine.

Wenyeji wa Katuruka ndio waliokataa. Kuanzia mwaka 2008 hivi walianza kuwatafuta waliokuwa bado wanakumbuka, wakapanga kulihifadhi eneo na kulionyesha kwa wageni. Wakajenga upya Buchwankwanzi, nyumba kubwa ya kikale cha Rugomora Mahe. Ni msonge wa nyasi, umejengwa kwa mikono, na ukiingia ndani giza linakupokea kwanza kabla macho hayajazoea.