Albamu ya Freddie Tunayoiruka

Freddie Mercury wa Wembley 1986 kila mtu anamjua: koti la njano, ngumi juu, uwanja mzima unaimba. Wengi tunajua pia kwamba ni mtoto wa Unguja, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi. Ila mtajie shabiki wa Queen albamu ya Hot Space ya mwaka 1982 uone atakavyokunja uso. Mimi nasema tumeionea.

Tuanze na maisha yake, maana ndiyo yanayoieleza. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza. Akasoma sanaa ya michoro Ealing, na mwaka 1970 akaanza Queen na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akaja mwaka uliofuata. Yaani huyu ni mtu aliyehama nchi, akabadili jina, akaanza upya zaidi ya mara moja.

Sasa, mwaka 1980 wimbo wa Deacon, Another One Bites the Dust, uliobebwa na gitaa la besi, ulishika namba moja Marekani. Freddie alikuwa akipenda sana kumbi za disko za Munich, mji waliokuwa wakirekodia, akataka kuufuata mdundo huo mpaka mwisho. Gitaa la May likasogezwa nyuma, zikaingia mashine za ngoma na vinanda vya umeme. May na Taylor hawakufurahia. Mashabiki wa roki nao wakanuna. Marekani, ambako albamu iliyotangulia ilishika namba moja, hii iliishia namba 22, na baada ya ziara ya mwaka huo Freddie hakuimba tena huko na Queen.

Jamani, si kwamba haina kasoro. Body Language kwangu mimi ni nyepesi mno. Lakini sikiliza Staying Power, na tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin. Sikiliza Cool Cat, Freddie anavyoimba kwa sauti nyembamba, taratibu, kama mtu asiye na haraka na uwanja wowote. Na Under Pressure, aliyoimba na David Bowie, imo humohumo! Tunaipenda, halafu tunaitukana albamu iliyoibeba.

Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Sisi hapa chuoni tunaogopa hata kubadili kozi, tukihofia watu watasemaje. Yeye alikuwa na fomula iliyomjazia viwanja, akaiweka pembeni kwa sababu alitaka kucheza. Alilipia. Basi wikiendi hii ipe Hot Space dakika 45 bila kuisubiri iwe Bohemian Rhapsody. Halafu tubishane kantini.