Bakhita: Mtoto aliyesahau jina lake

Jina lililosomwa Vatikani mnamo Oktoba 1, 2000, Papa Yohana Paulo wa Pili alipomtangaza mtawa Josephine Bakhita kuwa mtakatifu, halikuwa lile alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilobandikwa na watu waliomwiba akiwa mtoto. Lile la kuzaliwa lilimtoka akilini kwa hofu, na hakulikumbuka tena hadi alipoaga dunia akiwa ajuza.

Alizaliwa mwaka wa 1869 hivi katika eneo la Darfur, magharibi mwa Sudan, kwa jamii ya Wadaju. Kwao hakukuwa na ufukara. Babake alikuwa nduguye mkuu wa kijiji, na nyumbani mlikuwa na watoto saba, yeye akiwa na pacha wake wa kike. Msiba wa kwanza uliwafika mwaka wa 1874 hivi, wavamizi walipomnyakua dadake mkubwa. Kilio cha mama siku hiyo kilikuwa miongoni mwa mambo machache ya nyumbani aliyoyakumbuka maishani.

Miaka michache baadaye ikawa zamu yake. Alikuwa matembezini na rafiki yake kando ya kijiji wanaume wawili walipotokea. Mmoja alimwomba amletee mzigo aliodai kuusahau msituni, naye, kama mtoto yeyote aliyefunzwa kuwatii wakubwa, akaenda. Huko ndiko alikotolewa kisu na kuamriwa anyamaze. Alipoulizwa jina, hakuweza kutamka lolote. Watekaji wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati, na ambalo lina asili moja na neno letu la Kiswahili, bahati. Kejeli iliyoje!

Alitembezwa bila viatu takriban kilomita 960 hadi mji wa El Obeid, na kabla ya kufika alikuwa amekwisha kuuzwa mara mbili. Wakati mmoja alitoroka na msichana mwenzake, wakakimbia usiku kucha porini. Walipopata mtu wa kuwapokea, mtu huyo aliwalisha, kisha akawafunga minyororo katika zizi la kondoo na kuwauza kwa mfanyabiashara aliyepita. Kwa mtoto, pigo hilo lina uchungu wa aina yake. Aliyemteka alikuwa adui, lakini huyu wa pili alijitokeza kama mwokozi.

Mjini El Obeid alitumikia nyumba ya tajiri mmoja, ambako alipigwa na mwana wa mwenye nyumba hadi akalala kitandani zaidi ya mwezi mmoja bila kuweza kusimama. Baadaye alinunuliwa na jenerali wa Kituruki. Huko mke na mama mkwe wa jenerali walihakikisha kwamba mijeledi haimpiti hata siku moja. Kisha siku ya chale ikawadia. Aliletwa mwanamke mjuzi wa kazi hiyo, akachora mistari kwa unga mweupe kifuani, tumboni na mkononi mwa msichana, halafu akaifuata kwa wembe, alama zaidi ya 100. Vidonda vilijazwa chumvi ili makovu yabaki wazi. Mabibi wa nyumba walitaka watumwa wao wawe na alama za kupendeza macho.

Mwaka wa 1883, majeshi ya Mahdi yalipokuwa yakitishia nchi, jenerali aliwauza watumwa wake mjini Khartoum. Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, naibu balozi wa Italia. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, aliishi na bwana asiyempiga. Legnani alipolazimika kurejea kwao, Bakhita alimsihi aende naye. Waliondoka kwa ngamia hadi bandari ya Suakin, wakavuka bahari, na mwaka wa 1885 wakatia nanga Genoa. Hata hivyo, hapo akakabidhiwa mtu mwingine tena. Legnani alimpa mke wa rafiki yake Augusto Michieli, naye akamfanya yaya wa binti yake mchanga, Mimmina, katika kijiji cha Zianigo karibu na Venice.

Michieli alinunua hoteli Suakin, na mkewe akawa na shughuli nyingi za safari. Mwishoni mwa mwaka wa 1888 aliwaacha Mimmina na yaya wake chini ya uangalizi wa masista wa shirika la Canossa mjini Venice. Bakhita alikuwa amepewa msalaba mdogo wa fedha na msimamizi wa mali ya familia hiyo, Illuminato Checchini, bila kujua maana yake. Sasa alianza kufundishwa dini.

Bibi aliporejea mwaka wa 1889 kuwachukua, yaya alikataa kuondoka.

Yafaa kuutazama uamuzi huo kwa makini, kwa sababu simulizi nyingi za watakatifu huukimbilia ubatizo na kulipita jambo hili. Msichana wa miaka 20 hivi, ambaye kila alipokataa jambo utotoni alijibiwa kwa kiboko, alisimama mbele ya bibi yake na kukataa. Wala hakuwa akimkimbia katili. Alimpenda mama huyo, na zaidi alimpenda Mimmina aliyemlea tangu akiwa mchanga. Kubaki kulimaanisha kumwachilia mtoto yule. Bibi alisisitiza, akakasirika, akamwita asiye na shukrani. Mkuu wa masista aliwasilisha suala hilo kwa wenye mamlaka, na likaamuliwa mbele ya Patriaki wa Venice na mwakilishi wa sheria wa mfalme. Novemba 29, 1889, iliamuliwa kwamba sheria za Italia hazikuutambua utumwa, hivyo Bakhita hakuwa mali ya mtu na alikuwa huru kuchagua atakako kuishi. Mimmina aliondoka na mamake.

Alibatizwa Januari 9, 1890. Miongoni mwa majina aliyopewa lilikuwamo Fortunata, yaani mwenye bahati kwa Kiitaliano. Lile jina la watekaji lilimrudia, safari hii kwa ridhaa yake. Alitoa nadhiri za utawa Desemba 8, 1896, na mwaka wa 1902 akapelekwa katika mji wa Schio, ambako aliishi karibu maisha yake yote yaliyosalia.

Kazi zake huko zilikuwa za kawaida mno. Alipika, alidarizi, alitunza sakristia, kisha akawa bawabu. Kila asubuhi watoto wa shule ya masista walipopita mlangoni, aliwawekea mkono kichwani. Wenyeji walimzoea wakamwita Moretta, mweusi mdogo, jina ambalo leo lingekera lakini ambalo Schio lilitamkwa kwa mapenzi.

Wakubwa wake walimwagiza asimulie maisha yake, na kitabu cha Ida Zanolini kilipotoka mwaka wa 1931 umaarufu ukaenea. Alizungushwa miji mingi ya Italia kuzungumza katika mikutano. Yeye, aliyekuwa mpole na mwenye haya, hakufurahia kutazamwa na umati. Mtu aliyewahi kusimamishwa sokoni ili akaguliwe haelekei kuufurahia ukumbi uliojaa macho.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya uzee alipoeleza kwamba, lau angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwani bila wao asingeijua imani yake. Kauli hiyo imewatatiza wengi, na si ajabu. Wapo wanaoiona kama kuwatakasa wafanyabiashara wa watumwa. Lakini aliyeinena ni mwanamke aliyewahi kukataa kurudishwa, akashinda. Msamaha wake ulitoka kwa mtu huru, na hakuwahi kudai kwamba alichotendewa kilikuwa haki. Papa Benedikto wa 16 alipoandika waraka kuhusu tumaini mwaka wa 2007, alimtumia yeye kama mfano.

Majeraha hayakufutika. Miaka yake ya mwisho aliipitisha kwa maradhi na katika kiti cha magurudumu. Katika homa ya siku za mwisho alirejea Sudan kimawazo, akawa anamsihi muuguzi ailegeze minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Baadaye akili ilimtulia, akamtaja Bikira Maria, akakata roho jioni ya Februari 8, 1947.

Mwili uliwekwa siku kadhaa ili watu wautazame. Inasimuliwa kwamba viungo vyake havikukakamaa, na kina mama wa Schio waliinua mkono wake wakauweka juu ya vichwa vya watoto wao.